Haluwa kwa Jina Lisilo Lake

Jumatatu ya Juma Kuu Stergios aliingia kwenye kiwanda cha jibini cha ushirika amebeba sinia la haluwa lililofunikwa kitambaa cheupe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata wazo zuri wakati wa kulala na kuamka nalo likiwa bado zuri. Hilo peke yake lilipaswa kumtia wasiwasi. Tangu aoe, kila alipoamka na wazo, gharama zake zilimwangukia mkewe, Garoufalia.

"Karibuni, karibuni!" aliwaambia waliokuwa kantini. "Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi, nyumbani kwetu tuna somo. Haina siagi, haina maziwa, kuleni bila kuogopa dhambi."

Watu walisogea; kwetu siku ya somo, yaani ya mtakatifu uliyepewa jina lake, mwenye jina ndiye anayewalisha wengine. Sisi wa kiwandani hufunga Kwaresima kwa ukali kuliko mapadre, pengine kwa sababu jibini tunalishika mchana kutwa na hatutaki kuliona tena mezani. Haluwa ya ngano yenye lozi na mdalasini haijawahi kukatazwa na kanisa lolote. Perikles, dereva wa lori la maziwa, alichota vipande viwili kwa mpigo. Anthoula, mama mtu mzima wa idara ya kufungasha, alichukua kimoja akabaki nacho mkononi.

"Somo wa nani?" aliuliza.

"Wa nyumbani."

"Nyumbani nani?"

"Anthoula, jamani! Siku ya Matawi somo huwa wa akina nani?"

Huwa wa akina Vaia, maana jina lenyewe ni la matawi, na kila mtu pale alilijua hilo. Vaia ni mama yake Stergios, na Vaia ndilo jina alilobatizwa mtoto wake wa pekee, maana kwetu mtoto hachaguliwi jina, hurithishwa la bibi au babu. Kila mtu alijua pia kwamba tangu baada ya Krismasi mlangoni mwa kantini palibandikwa tangazo lenye sahihi ya mkurugenzi, Bi Polymnia. Lilisema kwamba mwenzetu wa maabara sasa anaitwa Thomas, kwamba ni mwanamume, na kwamba kila mfanyakazi amwite na amtaje hivyo. Tangazo lenyewe lilining'inia juu kidogo ya kichwa cha Stergios alipokuwa akigawa haluwa.

"Basi miaka mingi kwa Vaia!" Perikles alisema, mdomo umejaa. "Mungu akukuzie, bosi!"

"Miaka mingi!" wengine waliitikia. Ukishakula cha mtu, lazima useme kitu.

Hapo ndipo Thomas alipoingia na koti lake jeupe, amefuata kahawa. Mmoja wa wasichana wa kufungasha, ambaye moyo wake ni mwepesi kuliko akili yake, alimrukia akamshika mikono yote miwili. "Miaka mingi, Vaia wangu!" Thomas alitazama sinia. Alikitambua kitambaa cha mama yake. Kisha akamtazama baba yake.

"Baba, hii umeleta wewe?"

"Ni haluwa tu, mwanangu."

"Naona ni haluwa."

Alichukua kipande, kwa kuwa kwetu kukataa kitamu cha somo ni tusi, akakila chote akiwa amesimama. Alikitafuna taratibu mbele ya watu wote, akafuta vidole, akasema, "Mwambie Mama imemkubali," akarudi maabara bila kahawa.

"Umeona?" Perikles alisema. "Kala. Basi yameisha."

Anthoula alikirudisha kipande chake kwenye sinia. "Mimi nitangoja ya Thomas," alisema. "Jumapili ya Thomas ni wiki moja baada ya Pasaka, au hata hilo hulijui?"

*

Stergios hakuwa adui wa mtu. Huo ndio uliokuwa utetezi wake, na aliutoa hata pale ambapo hakuna aliyemshtaki.

Mwezi wa kwanza, mtoto alipowaketisha yeye na Garoufalia sebuleni na kuwaeleza kwamba hajawahi kujiona mwanamke, kwamba amevumilia mpaka umri wa miaka ishirini na minane na sasa amechoka, Garoufalia alilia kidogo, akauliza kama mtoto anakula vizuri. Stergios naye akauliza swali ambalo hata leo akilikumbuka hujipiga paji la uso.

"Na Zisis ana kosa gani?"

"Zisis nani?"

"Babu yako! Baba yangu mimi! Kama ulikuwa unataka jina la kiume, jina lilikuwepo, limekaa tu, halina mtu!"

Miaka yote hiyo alikuwa akiwalilia wenzake kwenye mgahawa wa kahawa kwamba hakujaliwa mtoto wa kiume na kwamba jina la marehemu baba yake litafutika duniani. Mungu, ambaye naye ana utani wake, akamletea mtoto wa kiume mtu mzima, ana kazi, ana meno yote, halafu anaitwa Thomas.

"Kwenye ukoo wetu hatuna Thomas hata mmoja," Stergios alilalamika.

"Ndiyo maana nimelichagua, Baba. Nataka jina ambalo halijavaliwa na mtu kabla yangu."

Alinuna siku kadhaa kwa ajili ya Zisis, hata akasahau kushtushwa na yale mengine. Aliposhtuka, alikuwa amechelewa. Mkewe alikuwa ameshaanza kuzoea. Garoufalia alijifunza kumwita Thomas kama alivyojifunza kutumia jiko jipya la umeme, kwa kuunguza mara nyingi na kuendelea kupika. Akikosea alisema "samahani, baba," akarekebisha, akaendelea na maneno yake.

Stergios alichagua njia yake mwenyewe, nayo ilikuwa kutolitaja jina lolote kabisa. Si kazi ndogo. Kigiriki chetu hakimpi mtu pa kujificha; ukisema tu kwamba fulani amechoka, umeshasema kama ni mwanamume au mwanamke. Stergios, ambaye shuleni hakuwahi kushinda hata shindano la kukimbia na gunia, akageuka fundi wa kuzungusha maneno. Nyumbani alisema "mwanangu," au "aliyekaa karibu na dirisha apitishe chumvi." Kazini, ambako yeye ndiye msimamizi wa ukumbi wa jibini na lori haliteremshi maziwa mpaka maabara iyapime, alisimama mlangoni na kuita, "Maabara! Maabara inasemaje?" Na Thomas alijibu kutoka ndani, "Maabara inasema teremsheni."

Alijiona mwerevu. Hakumuudhi mtoto, hakumuudhi mama yake mwenyewe, hakumpa Perikles nafasi ya kucheka. Haluwa nayo ilikuwa wazo la namna hiyohiyo. Angewafurahisha watu wa zamani, na kwa kuwa hakutaja jina la mtu, wa sasa wasingekuwa na la kulalamikia.

*

Jioni ya Jumatatu ileile Garoufalia alimngoja mlangoni na sinia tupu likiwa mkononi.

"Uliniambia haluwa ni ya wafanyakazi, wamefunga, uwaonee huruma."

"Si wamekula?"

"Stergios, usinichezee akili. Nilikaa jikoni nakoroga mpaka mkono ukaingia ganzi, kumbe namkorogea mtoto wangu aibu!"

Bibi Vaia, mama yake Stergios, alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko. Alikuwa na msimamo wake na hakuubadilisha kwa ajili ya yeyote. "Mimi ameniua nikiwa hai," alisema, kama alivyosema kila siku. "Jina langu kalitupa jalalani." Baada ya hapo alimkatia mjukuu wake kipande cha pai chenye ukingo mkavu, anachokipenda, akakisukuma upande wake wa meza bila kumtazama.

Thomas hakukigusa. "Jumatatu, baada ya Jumapili ya Thomas, nina usaili Thessaloniki," alisema. "Maabara ya kiwanda kikubwa. Wakinipa, nitahama."

Garoufalia aliweka sinia chini.

"Kwa ajili ya haluwa?" Stergios aliuliza.

"Si haluwa, Baba."

"Ni Perikles. Kesho namshika Perikles."

"Perikles namweza. Ananiita lile jina makusudi, na mimi namwambia lori lake linanuka kuliko mbuzi, tunamaliza. Wewe sina la kukujibu. Wewe huniiti kabisa."

"Nakuita mwanangu!"

"Hata paka wa kiwandani unamwita mwanangu."

Ilikuwa kweli. Stergios alitafuta pa kuweka mikono yake. "Nikilisema watu watacheka," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Watu wanacheka tayari," Thomas alisema. "Lakini hawanicheki mimi, Baba. Wanakucheka wewe."

Stergios hakuamini. Kesho yake, akipita nyuma ya chumba cha mapipa ya maji ya chumvi, alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye koo la Perikles. "Maabara! Maabara, mwanangu! Aliyevaa koti ajitokeze, asiyevaa asijitokeze!" Kicheko kililipuka, na cha Anthoula ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Perikles alimwigiza vizuri.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi.

"Bi Polymnia, hapa kazini watu wanadharauliana."

"Nani kamdharau nani?"

"Mtoto wangu... anataka kuondoka."

"Najua. Ameniomba barua ya kumsifu, nimeiandika, na nilipoiandika roho iliniuma, maana sitapata mwingine kama yeye." Aliivua miwani yake. "Unataka nifanye nini, Bwana Stergios? Tangazo nilibandika. Aliyemwita vibaya makusudi nilimwita hapa. Lakini wewe hujamwita vibaya hata siku moja. Nikuandikie onyo kwamba umesema 'maabara'?"

"Ungeniandikia, ningekuwa na sababu ya kubadilika."

"Toka ofisini kwangu," Bi Polymnia alisema, bila ukali.

*

Alipanga kulisema lile jina jipya siku ya Pasaka. Asubuhi, wakati yuko peke yake uani anamzungusha mwanakondoo juu ya makaa, alifanya mazoezi. "Thomas, lete chumvi," alimwambia mwanakondoo. "Thomas, mwanangu, ongeza makaa." Lilitoka vizuri, hata alishangaa lilivyo jina jepesi. Alijimiminia mvinyo kujipongeza.

Kisha wageni wakaja: shemeji zake, jirani wa pili, mke wa jirani mwenye masikio marefu. Mayai mekundu yakagawiwa, kila mtu amgongee mwenzake kuona la nani litapasuka. Thomas alisimama mbele ya baba yake, yai mkononi, akangoja atakiwe heri kwa jina. Mke wa jirani aligeuza sikio, au Stergios alidhani amegeuza. Alifungua mdomo. Akakohoa, akasema moshi umemwingia kooni, akaomba maji. Aliporudi na maji yake, ambayo hakuyahitaji, Thomas alikuwa amegongana mayai na mama yake.

Wiki ile ilipita na Thomas akifungasha vitabu. Stergios alimletea maboksi kutoka kiwandani, mazuri, makavu, yasiyonuka. Aliyafunga kwa kamba, akayaandika juu "vitabu", "nguo", "viatu". Ndugu zangu, mwanamume mzima alikuwa anamsaidia mtoto wake kumkimbia, na alijivunia mafundo yake.

Jumamosi Thomas alipanda basi kwenda kulala Thessaloniki kwa rafiki yake, ili Jumatatu asichelewe. Jumapili ya Thomas ikapambazuka na mwenye somo hayupo.

Siku ya somo hatualiki mtu. Mlango unaachwa wazi, anayekumbuka anakuja, anayekuja anakula, na asiyeweza kuja hupiga simu. Stergios alivaa shati la kanisani. Alinunua keki dukani, zile zenye krimu, akazipanga mezani. Kisha akakaa karibu na simu ya nyumbani na hesabu yake kichwani. Wazazi nao hupongezwa siku ya somo wa mtoto. Mtu akipiga simu na kusema, "Hongera kwa Thomas," yeye angejibu asante, na hapo jina lingekuwa limeshasemwa na mwingine. Asingekuwa wa kwanza.

Simu haikulia. Garoufalia aliingia jikoni na simu yake ya mkononi, akafunga mlango, na sauti yake ikasikika ikicheka na kulia kwa pamoja.

"Keki za nani hizi?" Bibi Vaia aliuliza.

"Za somo, Mama."

"Somo wa nani?"

Stergios alitazama mlango uliokuwa wazi. Barabarani alipita mtu na baiskeli.

"Kama hujui ni za nani," Bibi Vaia alisema, "mimi nazila kama keki za dukani." Akala tatu.

*

Jumatatu Stergios aliamka amekasirika, na hasira ya mtu mwenye kosa haina adabu. Alikasirikia mji mzima. Hakuna aliyekuja, hakuna aliyepiga simu. Na ndio haohao waliokula haluwa ya Garoufalia mpaka wakalamba sinia.

Kantini walikuwa wote. Perikles alikuwa ameegesha lori uani na alikuwa akikoroga kahawa yake.

"Bosi," alisema, "maziwa yangu yatapimwa na nani leo? Maabara imesafiri, nasikia."

"Maabara, Maabara!" Stergios alipiga meza hata vijiko vikaruka. "Ana jina! Jana ilikuwa siku ya Thomas! Thomas ambaye hupima uchafu unaotuletea wewe, Thomas ambaye ametulindia jina la kiwanda hiki! Mlango wangu ulikuwa wazi kutwa. Hakuna hata mmoja wenu aliyemkumbuka! Hakuna aliyenyanyua simu! Hamna haya?"

Alikuwa amepandwa na hasira kiasi kwamba hakutambua amelisema mara tatu. Wengine walitambua. Kijiko cha Perikles kilisimama ndani ya kikombe.

"Mimi nilimpigia," Anthoula alisema. "Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani. Alikuwa bado kitandani."

"Mimi nilimwandikia," alisema yule msichana wa kufungasha, huku akiona haya. "Nikamwomba radhi ya siku ile. Alinijibu kwa picha ya keki."

"Bi Polymnia alimpigia mbele yangu," alisema mtu wa stoo.

Stergios alimgeukia Perikles, kwa kuwa huyo angalau alikuwa na uhakika naye.

"Nilimpigia jioni," Perikles alisema. "Alinitukana, nikamtukana, nikamtakia miaka mingi."

"Ulimwitaje?"

"Ningemwitaje? Unampigia mtu siku ya Thomas, umwite Vaia? Mimi si mwendawazimu, bosi." Alikoroga tena kahawa yake, polepole. "Nyumbani kwako hatukuja kwa sababu tulijua hayupo. Na tuliona tutakutia aibu."

Hakuna aliyecheka. Stergios angelipa ili wacheke.

"Na wewe, Stergios," Anthoula aliuliza, kwa upole kabisa, "ulimpigia wakati gani?"

*

Alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji ya jibini, mahali wanapovutia sigara waliowaahidi wake zao kwamba wameacha. Aliibonyeza simu, akakosea, akaibonyeza tena. Alikuwa ameshaamua atakachosema: kwamba ameelewa, kwamba atabadilika, kwamba mtoto asihame, kwamba mama yake atakufa kwa upweke, na yeye pia, ingawa hilo angelisema mwishoni, kwa haraka.

"Baba?"

"Mwanangu, sikiliza..."

"Nimetoka sasa hivi kwenye usaili. Wamenipa kazi, Baba. Palepale. Wanataka nianze wiki ijayo."

Nyuma ya ukuta pampu ya maziwa ilianza kunguruma. Mtu alikuwa ameamua kuteremsha bila kumngoja yeye. Stergios aliegemea tangi. Yote aliyoyapanga yalikuwa ya kumzuia mtu asiondoke, na mtu alikuwa ameshaondoka. Alitafuta neno la kuzunguka. Alikuwa nayo mengi, amejiwekea akiba ya miezi. Hakuona hata moja linalofaa.

"Baba? Upo?"

"Nipo. Nimepiga kukuambia... nimechelewa, najua, ilikuwa jana. Hongera kwa kazi. Na miaka mingi, Thomas."

Alisikia mtoto wake akivuta pumzi.

"Sema tena, Baba," Thomas alisema. "Huku kuna kelele, sikusikia."

Stergios alikaza sikio. Kule Thessaloniki palikuwa kimya kabisa. Hapakuwa na gari, wala sauti ya mtu. Akasema tena.